Mzee wa Taa na Mke Wake Asiyeamini

Jina lake sitaji. Analipenda sana, na mtu anayependa jina lake hivyo hafai kuongezewa. Hapa kijijini Bahati tunamuita Mzee wa Taa, na akisikia anasimama wima, mikono kwa mshono wa suruali, kama serikali imemkumbuka. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo muulize chifu, ndio kazi yake. Mimi namjua kwa kikohozi, kwa sababu tangu niolewe tumetenganishwa na ua ya miba tu, na kikohozi haijui ua.

Kazi yake ilikuwa taa. Sio ya stima, umeme wa nyumba, wacha kufikiria stima. Taa ya meli. Anasema huko pwani kuna kisiwa kidogo sana, unaweza kukizunguka kabla ugali haijaiva, na hapo kisiwani kuna mnara wa mawe uliojengwa na Wazungu wa zamani, wale wa ndevu. Juu ya mnara kuna taa, na yeye ndio alikuwa anaiwasha. Miaka ishirini na mbili. Nyumbani alikuwa anakuja Krismasi tu, na nazi mbili na hiyo kikohozi, sikukuu ikiisha anarudi.

Sasa sikia shida. Hapa kwetu hakuna mtu aliwahi kuona hiyo kisiwa. Na mwenye hakuiona kabisa, na hakutaka kuiona, ni mke wake, Mama Wambui, rafiki yangu. Yeye tangu zamani alisema hakuna taa. Mwanaume hawezi kukaa miaka ishirini na mbili na taa.

"Hiyo taa," aliniambia siku moja tukichambua maharagwe, na ile sauti yake ya chini kama mtu anaongea akiwa ndani ya debe, "hiyo taa iko na matiti."

Alikuwa anamuuliza mbele ya wageni, akimimina chai pole pole: "Na huyo Mnara wako, alikuzalia wangapi?" Mgeni anaangalia mkate. Mzee anaangalia dari.

Kwa hivyo mzee amezeeka akitaka kitu kimoja. Sio shamba, sio ng'ombe. Anataka mke wake aseme mara moja, hata kwa kunong'ona, kwamba anaamini ilikuwa taa. Mimi nimekuwa hapo katikati, upande huu wa ua, nikicheka.

Karatasi alikuwa nayo. Ya serikali, imeandikwa kazi yake na miaka yake, iko na muhuri. Siku moja ililoweshwa na mvua, akaianika kwa nyasi, na mbuzi yangu ikaila. Sikatai. Ilianza na muhuri. Mzee alifika kwangu akiwa ameshika kona moja iliyobaki, ndogo kama stampu, akasema na hiyo Kiswahili yake ya kupaka mafuta: "Jirani, naomba radhi kukusumbua, lakini mnyama wako amekula maisha yangu."

Mama Wambui alisimama kwa mlango akapiga makofi. "Hata mbuzi imejua ni uwongo. Haikutafuna mara mbili."

Hiyo Kiswahili ndio alileta kutoka huko, pamoja na nazi. Sisi hapa mtu akikuziba njia unamwambia songa. Yeye anasimama nyuma yako, anakohoa, anainama kidogo: "Tafadhali bibi, ningeomba unipishe, ukiweza." Wewe unageuka kuangalia huyo bibi ni nani. Siku moja aliambia ng'ombe hivyo. Nilisikia na masikio yangu. "Tafadhali, ningeomba usogee." Ng'ombe ikamkanyaga kidole.

Na kioo. Huyu mtu hawezi kuona kioo chafu akanyamaza. Anasema taa ya mnara ilizungukwa na kioo kubwa kushinda mlango wa kanisa, imepangwa kama kabichi, jani juu ya jani, na kila asubuhi alikuwa anaipangusa na kitambaa laini mpaka anajiona kichwa chini. Hapa hakuna kabichi ya kioo, basi anapangusa yenu. Ukiwa na miwani anaitoa bila kuuliza. Jumapili moja pasta wetu alikuwa anahubiri Yona, na pasta wetu anahubiri kama mtu anauza kuku: "Na Yona-a-a, akaenda wa-a-pi, akaenda nda-a-ni." Mzee akaamka kiti ya mbele, akapanda hadi hapo juu, akamtoa pasta miwani kwa pua, akaipulizia, akapangusa, akaiangalia kwa dirisha, akamrudishia. "Endelea, mchungaji." Pasta akafungua mdomo, lakini Yona alikuwa amepotea. Tukaenda moja kwa moja kwa sadaka.

Nyumba yake mchana pazia zimefungwa zote. Sababu iko. Anasema hiyo kioo ya kabichi ikipatwa na jua la mchana inachoma, inaweza kuteketeza mnara, kwa hivyo mtunza taa akizima asubuhi anafunga pazia. Sawa, nimeelewa. Lakini kwake kuna kioo gani? Ya kunyoa ndevu, na imevunjika. Askari walisikia kuna nyumba haifunguliwi pazia, wakajua hapo kunapikwa pombe, chang'aa. Wakaingia wawili, wakapata mzee amekaa kwa giza anapangusa glasi.

"Mzee, unapika nini hapa?"

"Sipiki, bwana afande. Nazuia nyumba isiungue."

Walinusa sufuria zote, wakanusa hata viatu. Hawakupata kitu. Walitoka na vifungo vya makoti yao vinang'aa kama vya harusi, na mmoja alikuwa anamshukuru.

Halafu huyo mtu wa bahari anaogopa maji. Huko chini kuna kamto, mbuzi yangu inavuka bila kulowa magoti. Mzee anazunguka hadi daraja, mwendo wa kuchemsha mahindi ya githeri. Nikamwambia, "Wewe si ni mtu wa bahari?" Akaniangalia kama mimi ndio mjinga. "Jirani, ndiyo sababu."

Mama Wambui anasema mambo ya giza na pazia angevumilia. Kilichomshinda ni kamba. Kwa mnara, taa ilikuwa inazungushwa na chuma nzito inayoshuka na mnyororo, kama saa ya ukuta, na kila masaa matatu mtu anapanda kuivuta juu tena. Basi mwili wake ulizoea. Alipostaafu akaendelea kuamka kila masaa matatu kutafuta kitu ya kuvuta, na kitu ya kuvuta hapa ilikuwa kamba ya ng'ombe. Ng'ombe ilikonda. Ikawa inasinzia ikikamuliwa. "Hiyo kitu anavuta na macho yamefungwa," Mama Wambui akaniambia kutoka ndani ya debe lake, "si amezoea kuvutia mtu blanketi?"

Ndipo mzee akajenga wake. Mnara, mahali hata bata haipati maji. Mbao za mkaratusi, mrefu kushinda nyumba mbili, karibu na ua yetu. Juu akaweka karabai, akaizungushia matako ya chupa za soda, na ringi ya baiskeli ya kuzungusha. Watoto wakauliza, "Guka, meli itapitia wapi?" Akawaambia na ile heshima yake: "Taa haiiti meli, wajukuu. Inasema tu, mimi niko hapa."

Sasa, kitu moja lazima muelewe kuhusu hizo taa. Kila moja iko na hesabu yake. Yake ilikuwa inawaka mara mbili, halafu giza mpaka uhesabu kumi, halafu mbili tena. Nahodha akiona mbili anajua ni kisiwa fulani. Akiona tatu anajua ni pengine. Taa mbili zilizo karibu haziwezi kuwa na hesabu moja, meli itapanda mawe. Mzee alituambia hivyo miaka na miaka, na sisi tulisema ndio, ndio, kama watu wanasikiliza bei ya gari.

Mwezi wa saba hapa ukungu inakaa chini mpaka huoni mtungi wako mwenyewe. Lori ya maziwa ilikuwa inapita kona yetu asubuhi bila kutuona, tunabaki na maziwa inaganda inakuwa mala. Mzee akaanza kuwasha taa yake alfajiri. Na ikafanya kazi, sitadanganya. Dereva, kijana wa kutafuna kila kitu hata maneno, akaniambia kama nyanya yake: "Shosho, mimi siku hizi naangalia tu ile kitu ya mzae. Ikipiga mbili, nakata kona. Noma sana."

Mzee alitembea wiki mbili kama amepewa cheo. Nilimuona akimpungia lori mkono.

Halafu mwenye baa. Huyu ni mtu wa tumbo, anaongea kama injini baridi, na kila mtu kwake ni boss, hata mimi. Alienda mjini akanunua taa ya kuwaka na kuzima ya kuvutia wateja, akaiweka juu ya paa. Fundi akamuuliza iwake vipi. Akasema, "Weka tu kama ile ya mzee, boss. Hiyo watu wamezoea."

Asubuhi ya ukungu dereva akaona mbili, akakata kona. Akaingia baa. Sio kwa mlango, kwa choo. Choo ya mbao ikalala chini kama mtu amechoka, mitungi ikaanguka, maziwa ikatiririka hadi barabarani, na mbwa wa Bahati nzima walikuja hata wale sijawahi kuona. Mwenye baa alikuwa ndani ya hiyo choo. Alitoka ameshika mlango mbele yake, mlango peke yake, hakuna ukuta. "Boss," aliambia dereva, "si ungepiga hodi."

Dereva akanyoosha kidole kwa ile taa ya paa. "Nimeona mbili, buda. Nimeona mbili."

Tukangoja mzee aje atutukane. Alikuja na kofia, akaangalia choo, akaangalia maziwa, akatoa kofia kama kuna matanga. Kisha akamwambia mwenye baa polepole: "Bwana, mimi nimekuwa mbili tangu kazini. Naomba wewe uchukue tatu."

Na huyo mtu, na mlango wake mkononi, akasema sawa boss, nichukue tatu. Mpaka leo baa inapiga tatu. Wanawake wa hapa wote wanajua kuhesabu. Mzee wako akikuambia alipotea na ukungu, unamuuliza alifuata ngapi.

Nikafikiri Mama Wambui sasa ataamini. Nikamwambia, umeona, mtu hawezi kujua mambo ya taa hivyo kama hakukaa nayo. "Anajua taa," akasema. "Lakini pia kuku anajua njia ya jikoni. Nani alikuwa anamuangazia?"

Sasa mwaka jana chama yetu ya wamama tukaamua kwenda pwani siku tatu. Mama Wambui alikataa, alisema hajapoteza kitu huko. Lakini usiku wa kuamkia safari, nikifunga mfuko, akapita pengo la ua bila kubisha. Hajawahi kuniomba kitu huyo mwanamke, hata chumvi anatuma mtoto.

"Wewe utaenda hiyo kisiwa," akasema. "Uangalie kama ni taa. Kama ni mwanamke, uniambie yuko aje. Usinifiche. Mimi ni mzee sasa, naweza kubeba. Chenye siwezi ni kufa sijui."

Hapo sikumuiga. Mimi naiga kila mtu, hata marehemu, lakini hapo nilisema tu sawa.

Asubuhi mzee naye alikuwa kwa lango, amevaa tai. Akanishika mkono na mikono miwili. "Jirani, mara hii moja, naomba usifanye mchezo."

Huko pwani wengine walilala mchangani kama nguo zimeanikwa. Mimi nikavuta mwenyekiti wa chama, tukatafuta mtu wa boti. Mwenyekiti ni mtu wa kuongea kama anasoma ripoti: "Kwa niaba ya kikundi, sioni sababu ya sisi kufa maji." Akapanda hata hivyo, akafunga macho, akaomba kwa sauti mpaka tukafika. Mwenye boti akamuuliza kama ni wimbo.

Na iko. Wacha niseme haraka. Iko mnara. Ya mawe, nyeupe, imebambuka rangi kwa tumbo, fupi kidogo kuliko vile mzee anasema, lakini wanaume na urefu, mnajua. Niliigusa na mkono. Na kisiwa nilikizunguka, ugali ingekuwa bado ni uji. Lakini mawe haina ulimi. Mawe haiwezi kuniambia nani alikuwa analala humo.

Chini ya mnara kulikuwa na mama mzee anaanika pweza kwa kamba. Nikamsalimia, nikamuuliza kama anakumbuka mtunza taa mmoja wa zamani, mtu wa bara. Akasema walikuja wengi, bibi, wa bara ni yupi. Nikataja jina lake. Hajui. Huko walikuwa wanamwita kitu kingine. Nikasimama, nikaweka mikono kwa mshono wa rinda, nikakohoa ile kikohozi, nikainama: "Tafadhali bibi, ningeomba unipishe, ukiweza."

Yule mama aliacha pweza ikaanguka.

"Huyo Mpangusaji," akasema. "Huyo alinitoa miwani siku ya arusi ya mwanangu."

Nikajua tumefika. Nikakaa chini, nikamuuliza bila kuzunguka. "Alikuwa na mwanamke hapa?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Ongea yake ilikuwa laini, kama anaviringisha kila neno kwenye unga kabla akupe. "Mwanamke gani, mwenzangu? Tulimtafutia. Dada yangu mwenyewe tulitaka kumpa, mtu mzuri, mpishi. Akasema yeye ana mke bara. Kila siku mke wangu, mke wangu. Mke wangu ana sauti nzito. Mke wangu haogopi mtu. Kila Krismasi akienda twamwambia, haya, safari hii rudi naye tumuone. Anarudi peke yake. Miaka yote hiyo. Mwisho tukajua maskini hana mtu. Ni mke wa mdomoni tu, wa kumpunguzia upweke. Tukawa twamuitikia tu. 'Mkeo hajambo?' 'Hajambo.' Basi."

Mwenyekiti alifungua macho kwa mara ya kwanza.

Nikamwambia yule mama, huyo mke yuko, ni rafiki yangu, ninamjua hata mguu ipi inamuuma. Akanipigapiga bega na mkono unanuka pweza. "Ni sawa, mwenzangu," akasema. "Ni sawa."

Nilirudi Bahati. Kwa kona ya maziwa nikawaambia watu, taa iko, nimeigusa. Walicheka vizuri sana. Nikatoa simu niwaonyeshe picha. Kwa moja ni kidole changu, kwa ingine ni kofia ya mwenyekiti na kipande ya mnara nyuma yake kama pembe. Dereva akaiangalia. "Shosho, hii ni AI." Nikawaambia mwenyekiti alikuwa na mimi. Mwenyekiti akasema kwa niaba ya kikundi yeye alikuwa amefunga macho, na alipofungua aliona pweza tu. Hiyo ndio faida ya kuiga watu maisha yako yote. Siku unaleta ukweli, wanauliza unaiga nani.

Basi nikaenda kwao. Mchana, pazia zimefungwa. Mzee yuko kwa kiti yake, kofia kwa magoti. Mama Wambui anapika chapati, na hakuniangalia. Hakuna mtu alinipa kiti.

"Sema," akasema kwa chapati.

Nikasema yote. Mnara, pweza, miwani ya arusi. Mzee akafurahi kidogo hapo kwa miwani, akasema ilikuwa chafu sana. Halafu nikafika kwa ile ya mke wa mdomoni. Niliisema na sauti ya yule mama, neno kwa neno, na unga yake yote, na sikuongeza kitu. Mkono wa Mama Wambui ukasimama juu ya chapati.

Akakaa. Chapati ikaanza kuungua, mzee akainuka akaigeuza yeye, na vidole.

"Dada yake alikuwa mpishi?" Mama Wambui akauliza.

"Hivyo ndio alisema."

"Na wewe ukamkataa." Hii alikuwa anaambia mzee.

"Nilikuwa na mke," mzee akasema.

Kisha akanigeukia, na hiyo sauti ya ndani ya debe ilikuwa imepanda juu kidogo, sijawahi kuisikia huko.

"Uliwaambia mimi niko?"

"Niliwaambia uko."

"Walikuamini?"

"Hapana."

Alipangusa unga kwa mikono, akatoa leso kiunoni, akaikunja mara mbili. "Ati mimi siko," akasema. "Miaka ishirini na mbili, watu wa pweza wanamuonea mzee wangu huruma eti siko." Akamwangalia mzee kama ndio anamuona akifika na nazi. "Hiyo boti inaondoka saa ngapi?"

Mzee alikuwa amesimama, mikono kwa mshono wa suruali. "Inategemea maji, bibi," akasema.

"Maji itangoja," akasema Mama Wambui, akaingia ndani kutafuta viatu.